Hedifoni za kukata kelele kwa sie wa boti na taarab: ipi ununue na ipi uiwache dukani

Nianze na jibu kabisa kwa sababu najua wengine hamna subira. Kama safari zako ni Unguja na Pemba, Unguja na Dar, na mara moja moja Maskati au Dubai, na masikioni kwako ni taarab, kaswida na kisomo zaidi kuliko hizi nyimbo za kurukaruka, tafuta Sony WH-1000XM4, ile iliotoka 2020, na pesa inayobaki kafanyie jambo jengine. Mpya zake nimezivaa, Bose nimeivaa, ya Apple nimeivaa mpaka shingo ikanambia basi, na kuna moja ya bei ya chini ambayo imenishangaza khasa. Nyingi nimezisikiliza ndani ya boti. Wale jamaa wa YouTube wanajaribu ndani ya chumba kina zulia na AC inapuliza taratibu, humo wallahi hata ya elfu kumi na tano utasema nzuri.

Msinione tajiri lakini, yangu ni hiyo XM4 tu. Nyengine ni za watu, tulikuwa na harusi Wete na ukoo mzima ukavuka, basi kila mmoja kaja na lake kichwani, shemegi kutoka Maskati na Bose yake QuietComfort Ultra, mtoto wa mjomba na AirPods Max, mpwa wangu anaesoma SUZA na Soundcore yake ya kubana matumizi, na mie nikawa nazunguka kama mkaguzi, "hebu nipe hiyo kidogo, hebu vaa hii yangu", mpaka bibi mmoja wa kiti cha mbele akauliza huyu anauza au ananunua.

Kwanza tuelewane hichi kitu kinafanya nini, maana watu wanatoa pesa nyingi halafu wanakuja kulalamika kwamba bado wanasikia. Kwenye kila upande wa hedifoni kuna vimaiki vidogo, vyengine viko nje na vyengine ndani karibu na sikio, vinasikiliza kelele inayokuja, halafu ndani mna kijikompyuta kinatengeneza sauti ya kinyume chake, pale wimbi la kelele linapopanda lake linashuka, yakikutana yanauana. Sasa hiyo kazi inawezekana pale kelele ni nzito, ya chini, na haibadiliki badiliki. Injini ya boti. Propela ya vile vindege vinavokwenda uwanja wa Karume Pemba. Jenereta ya jirani. Feni mbovu ya gesti. Hapo ndo inakata mpaka unashtuka, unaona mtu anasema nawe midomo inachezacheza tu. Lakini mtoto akipiga kelele sauti yake ni ya juu na inakuja ghafla, mashine haiwahi, inayokusaidia hapo ni ule mto wenyewe unaofunika sikio basi. Na yule mama anaeongea na simu kwa spika kuanzia bandari ya Malindi Unguja mpaka Mkoani Pemba, sikufichi, utamsikia, na pengine utamsikia vizuri zaidi kwa sababu ule mngurumo uliokuwa unamfunika umeondoka. Dawa yake ni kuweka muziki juu kidogo ya kunong'ona, anapotea.

Wazo lenyewe ni kongwe. Mjerumani mmoja Paul Lueg alipata hataza ya kukata sauti kwa sauti Marekani mwaka 1936, wakati huo vifaa vya kuifanya kazi hiyo vizuri havijakuwepo. Halafu 1978 Amar Bose, yule profesa wa MIT, yuko ndani ya ndege anatoka Zurich anarudi Boston, kapewa hedifoni za ndege hasikii kitu kwa mngurumo, akaanza kupiga hesabu zake humo humo angani. Marubani ndo waliouziwa mwanzo, 1989, sisi raia wa kawaida tukafikiwa na QuietComfort ya kwanza mwaka 2000. Kwa hivo mtu akikwambia Bose ni jina tu usimsikilize, hawa ndo wenye shamba.

Na jambo ambalo mie naona ndo sababu kubwa ya kununua, kubwa kuliko raha: masikio. Kwenye boti ukivaa vile vya kawaida unapandisha sauti ishindane na injini, injini nayo haichoki, unafika Mkoani kichwa kinavuma. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki bila wasiwasi, lakini ukifika 90 masaa yako yanabaki manne tu kwa wiki nzima. Manne! Mtu wa Pemba anaekwenda na kurudi keshayamaliza kabla ya Jumatatu. Kelele ikikatwa unasikiliza nusu ya sauti na kila kitu unakisikia, mshororo hata mmoja haukupiti.

Haya, kwenye boti sasa. Nilikaa chini nyuma kwa makusudi, kule ambako injini inatikisa mpaka meno, na bahari ilikuwa ya kusi, tulipofika mkondo wa Nungwi watu wameshaanza kugaiwa vimfuko. Bose ya shemegi ndo mshindi wa kukata kelele, nasema kweli ingawa si yangu, ukiiwasha inakuwa kama boti imezimwa. XM4 inabakisha kitu kidogo kwa chini, mvumo wa mbali, na sauti za watu inaziwacha zipite zaidi kuliko Bose. Tofauti ipo lakini si ya kukufanya uuze kiwanja. Zile mpya za Sony, XM5 ya 2022 na XM6 ya 2025, niliwahi kuzivaa kabla ya safari ile, za jamaa wa kazini, zinakata zaidi ya XM4 khasa kwenye maneno ya watu, XM6 ina maiki 12 na hiyo unaisikia kabisa. Ila XM6 ilianza kuuzwa Marekani dola 449, hiyo ni zaidi ya milioni moja ya kitanzania kabla haijavuka bahari, na kabla ya mtu wako anaekuletea hajaweka chake.

XM5 mie siitaki kwa sababu moja, haikunjiki. Inalala bapa tu, mfuko wake mpana, na mtu unapanda boti na begi, na boksi la mkate wa ufuta, na mtoto wa watu umeambiwa umshike mkono. XM4 inakunjwa ikawa donge, unaitia pembeni ya begi umemaliza. Sony wenyewe naona waliambiwa, maana XM6 wakairudisha kukunjika.

Kuna watu nao presha ile ya masikioni inawasumbua, ukiwasha kukata kelele unahisi kama umepanda juu ndani ya ndege masikio yakaziba. Mie sina tatizo, mke wangu hata dakika tano hawezi, na bahari ikichafuka anasema inamzidishia kichefuchefu. Kwa hivo kabla hujanunua azima ya mtu uvae, kama ni wa hivo utajijua mara moja na umeokoa laki zako.

AirPods Max niiseme haraka. Sauti nzuri sana, imeundwa kwa chuma na imeundwa vizuri, ukiishika unajua umeshika kitu. Lakini ni gramu 385 karibu, XM4 ni 254, na kwa joto letu hili chuma na jasho... ukiitoa baada ya saa moja ndani kuna unyevu, na si kwa mtoto wa mjomba peke yake, watu wamelilalamikia hilo tokea ilipotoka 2020. Haina kitufe cha kuzima, kile kikava chake ndo kinachoilaza. Betri masaa 20, ilianza kwa dola 549. Mtoto wa mjomba anaipenda na mie namuachia mwenyewe.

Sasa joto, maana hapa ndo wanaoandika mambo haya huko kwao hawatufai kabisa. Wao wanapima betri, sisi kinachotuua ni mito. Ile ngozi ya mito si ngozi, ni plastiki laini juu ya sponji, na hapa kwetu ina maadui wa kila aina, jasho, chumvi ya bahari, unyevu wa masika, na mafuta ya nazi ya kichwani. Hedifoni niliokuwa nayo kabla ya hii, jina nalihifadhi, ilianza kubanduka vipande vyeusi vyeusi, unaivua una madoa kwenye shavu watu wanakuuliza umepaka nini. Na mto ukibanduka si suala la uzuri tu, ukipasuka hewa inapita, hewa ikipita kukata kelele kumekwisha, kwa sababu ile hesabu yote inategemea sikio limefunikwa sawasawa. Ndo maana utasikia mtu anasema "hedifoni yangu ilikuwa nzuri zamani, siku hizi imechoka", haijachoka, ni mito.

Ninachofanya mie: nikivua naifuta kwa kitambaa kikavu, nikifika nyumbani siifungii ndani ya keisi na jasho lake, naiwacha ipigwe na upepo kwanza halafu ndo naitia, na ndani ya keisi naweka vile vipakiti vya kukausha vinavokuja na viatu vipya. Haiachwi kwenye gari mchana, haiachwi dirishani. Na nikipaka mafuta kichwa sivai mpaka yakauke. Utaona ni kazi, lakini mito ya XM4 ni rahisi kubadilisha, inachomoka kwa mkono na spea zake zimejaa kila pahala kwa sababu hedifoni yenyewe iko kwa watu wengi, hilo nalo ni moja katika sababu zangu za kuisifu. Angalia tu usichukue mito ya bei ya kutupa ambayo sponji yake nyepesi, utaiona imekaa vizuri na bado injini inaingia.

Tuje kwenye kofia na ushungi, kitu ambacho sijaona mtu anakizungumza na ndo maisha yetu. Kwa wanaume kofia ya viua haina tatizo la sikio kwa sababu inakaa juu, tatizo ni ule upinde unaibonyeza kofia, ukiivua ina mstari katikati, na kofia ya viua unajua imeshonwa muda gani. Mie navua kofia naiweka mapajani, au naupeleka upinde nyuma kidogo. Kwa kinamama ndo pana kazi. Ukivaa juu ya mtandio kitambaa kinaingia baina ya mto na kichwa, hewa inapita, injini inarudi. Tena kile kitambaa kikisugua maiki za nje unasikia kwaruu kwaruu kila ukigeuza shingo. Ukivaa ndani ya ushungi inakaa vizuri na inakata vizuri, lakini kwenye Sony ile sehemu ya upande wa kulia ni ya kugusa, kitambaa na vidole vikipita pita pale muziki unaruka, unasimama, sauti inapanda. Binti wa dada yangu alikuwa anasema hii kitu ina shetani. Ingia kwenye programu yake ya simu uzime kugusa, mambo yanatulia, ila hapo inabidi sauti uiendeshe kwa simu. Kwa mwanamke anaevaa ushungi siku zote mie ningemwambia atafute Bose QuietComfort ya kawaida, hii si Ultra, ina vifungo vya kubonyeza kweli kweli unavihisi kwa kidole hata kupitia kitambaa. Au achukue vya kutia ndani ya sikio, AirPods Pro au Sony WF-1000XM5, vinakaa chini ya mtandio hakuna anaejua, havileti joto. Shida ya hivyo ni betri, masaa sita mpaka manane kwa chaji moja, na kimoja kikidondoka gatini pale baina ya boti na ukingo, basi tena, mwachie samaki asikilize.

XM4 ina kitu ndani ya programu kinaipima namna ilivokukaa kichwani, inapiga vijisauti vidogo halafu inajirekebisha kwa miwani, nywele, na hata presha ya hewa. Kifanye ukiwa ushavaa kama unavovaa safarini, na miwani yako na ushungi wako, si ukiwa kitandani.

Na kuna kimoja cha kuzima siku ya kwanza. Ukianza kusema yenyewe inasimamisha muziki inadhani unazungumza na mtu. Kwa wazungu sawa. Sisi unasikiliza taarab, bwana, pale panapofika panapokugusa utanyamaza? Unaitikia mstari mmoja tu, muziki kimya. Unasema "Allah!" kwa msomaji kavuta pumzi ndefu, kisomo kimesimama. Zima. Kile cha kuufunika upande wa kulia kwa kiganja ukasikia watu, kiwache, hicho kizuri sana pale wanapotangaza jambo ndani ya boti, au mkaguzi anataka tiketi.

Taarab sasa, nilikuwa naisubiri sehemu hii. Hedifoni nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani besi iko mbele, Sony ndo khasa. Ukiweka taarab ya zamani, ile ya bendi kamili kama Ikhwani Safaa walioanza 1905 au Culture Musical Club wa 1958, una fidla safu nzima, akodiani, udi, nai, ganuni, chelo, dumbaki, yote yanataka nafasi yake, halafu besi inakuja inakaa juu ya wote. Dumbaki linakuwa kubwa kuliko mwimbaji. Usiihukumu hapo. Fungua ekwalaiza ya Sony, pale ndani ya programu pa kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba, ile sehemu wameiandika Clear Bass ishushe mbili tatu, ilioandikwa 400 iguse kidogo chini, 2.5k ipandishe moja au mbili, wacha nyengine. Utasikia ganuni. Nyuzi zake zinafungwa tatu tatu kwa kila noti, na hedifoni mbovu inazifanya moja, ikiwa nzuri unasikia ule mng'ao wa nyuzi tatu zilizokaribiana sana lakini si kitu kimoja, na kucha za mpigaji zinapochukua. Nilivoisikia mara ya kwanza nikavua nikadhani kuna mtu anapiga nje.

Kidumbaki, ile taarab ndogo ya mtaani ya kuchezwa, ni kesi nyengine. Pale kuna sanduku, na sanduku ndo besi yenyewe, hapo irudishe Clear Bass yako kama ilivokuja na ukae mbali na watu kwa sababu utacheza.

Kwa sauti peke yake, bila ya kuhesabu kelele, ningemchagua Sennheiser Momentum 4. Huyo kakaa sawa zaidi tokea kiwandani, fidla zinapumua, waimbaji wa kike hawakwaruzi, na betri yake masaa 60, yaani unakwenda Pemba unakaa wiki unarudi hujui chaja iko wapi. Lakini kwenye injini yuko chini ya Sony na Bose, na kama XM5 hakunjiki. Mtu ambae safari zake chache na anasikiliza zaidi barazani usiku, huyo ndo wake. Bose Ultra nayo ina ule mchezo wa kuusambaza muziki kama umekaa ukumbini, shemegi akaniwashia kwa fahari. Kwa filamu sawa. Kwa taarab uizime, inawahamisha wapigaji inawaweka msikitini, mwangwi mtupu, na betri inashuka kutoka masaa 24 mpaka 18 kwa kazi hiyo hiyo ya kuharibu.

Na zile za kale kabisa, za Siti binti Saad aliopelekwa Bombay kurikodi 1928, usitegemee hedifoni ya laki nane itazifanya mpya. Itafanya kinyume, kila mkwaruzo wa santuri utausikia. Mie napenda, nasikia chumba, nasikia sindano. Wengine wanaona ni kelele, wapunguze 6.3k na 16k.

Tena hapa niwe mkali kidogo. Watu wananiuliza habari za LDAC, hiyo njia ya Sony ya kupitisha muziki kwa blutuuthi mpaka kilobiti 990 kwa sekunde, wanataka wajue simu yao inayo. Ukiwa na Android nyingi inayo, ukiwa na iPhone haina kabisa, inatumia njia nyengine, AAC. Lakini yakhe, wimbo wako umetumiwa WhatsApp na mtu aliyetumiwa na mtu, umebanwa mpaka umekauka, LDAC itakupitishia ukavu huo huo kwa haraka. Tafuta kwanza rikodi nzuri. Nunua, au pakua kwa ubora wa juu ukiwa kwenye waifai, na pakua kabla hujapanda, kwa sababu katikati ya mkondo mtandao hakuna.

Kununua wapi? Darajani na Mchangani zipo, na za kopi ndo nyingi zaidi. Niliingia duka moja.

"Karibu ami."

"Hii Sony kweli?"

"Sony khasa, imetoka Dubai."

"Inakata kelele?"

"Inakata yote ami, hata mimi hutonisikia."

Laki moja na nusu. Nikaivaa bila muziki, nikawasha kile kitufe, kikawaka taa ya kijani. Feni ya dukani naisikia vile vile, nje honda zinapita nazisikia vile vile. Kitufe kinawasha taa tu, ndo kazi yake. Kijana wa watu hata hakuwa anadanganya, na yeye kauziwa hivo. Basi fanya hivi, simama karibu na feni au jenereta, vaa, usiweke muziki, washa na zima mara kadhaa, ule mvumo lazima uondoke na urudi ndani ya sekunde. Halafu iunganishe na programu ya Sony, siku hizi inaitwa Sound Connect, hapo hapo dukani kwa simu yako, ikikataa kuitambua rudisha mezani uage vizuri. Kopi pia inakuwa nyepesi, na mito yake inabana kama plastiki ya mfuko. Mie yangu nililetewa na mtu kutoka Dubai imeshatumika kidogo na nimeilipa chini ya nusu ya bei yake ya mwanzo, dola 349 ilikuwa, nikaweka mito mipya.

Ile ya bei ya chini niliosema imenishangaza ni Soundcore Life Q30 ya mpwa. Jina la kampuni ni Anker, wale wa chaja. Inakunjika, betri masaa 40 na kukata kelele kumewashwa, na injini ya boti inaishusha kwa kiasi ambacho kwa bei yake sikutegemea, sijui nisemeje, labda robo tatu ya kazi ya XM4. Besi ni nyingi mno na ukiipunguza kwenye ekwalaiza bado imebaki, ganuni haiwi ile. Plastiki inalia unapotafuna. Lakini mwanafunzi wa skuli au chuo, au mtu anaetaka tu kulala ndani ya boti, sioni kwa nini atoe laki nyengine saba. JBL Tune 770NC nayo iko kundi hilo, betri inakwenda mpaka masaa 44 kukata kelele kumewashwa, ila mito yake midogo, mwenye masikio makubwa inamkalia juu.

Chaji ya XM4 masaa 30, na ukiwa na haraka dakika 10 zinakupa kama masaa matano, umeme wetu huu hilo si dogo. Ikiwa kwenye chaji haiwaki, ujue kabla. Na ukiwa na safari ya ndege itie begi la mkononi kwa sababu ya betri, usiipeleke kwenye mzigo wa chini. Kwenye vindege vya Pemba huna pa kuichomeka, unakaa nyuma ya rubani na propela mbele yako, nusu saa hivi umeshuka, hapo ndo utaipenda zaidi kuliko pahala popote. Safari ya Maskati ni masaa matano na kitu na kile kitivii cha kiti cha mbele mara nyingi hakina blutuuthi, unahitaji waya. XM4 inakuja na waya wake na kile kiadapta cha pini mbili cha tundu za ndege za zamani, XM5 kiadapta hicho wamekiondoa. Ukinunua iliotumika fungua keisi uhakikishe kimo, kidogo sana kama punje ya tende, mwenye kuuza pengine hajui ni cha nini na keshakitupa.